Sufuria ya Sikukuu ya Mikaeli

14 Juni

Daktari wa zahanati ameniambia niandike, nami naandika. Kila asubuhi na kila jioni ninuse vitu vinne, ndimu, kahawa, karafuu na epasote, kisha niandike nilichosikia. "Pua ni kama mtoto mtoro," alisema. "Usipomwita kila siku, atasahau njia ya nyumbani."

Leo: ndimu, hakuna. Kahawa, hakuna. Karafuu, hakuna. Epasote, jani la kiungo ambalo zamani jirani akilichuma nyuma ya ukuta nilikuwa najua anapika nini, hakuna.

Ni homa ya Mei. Ilipoondoka iliondoka na pua yangu. Niligundua siku maharage yalipoungua nami nimekaa karibu nayo nashona. Mavyaa yangu, Mama Casilda, alikuja kutoka uani akasimama mlangoni. "Nimefikiri umekufa," akasema. "Maana aliye hai angeondoa ile sufuria."

Maharage si kitu. Kinachoninyima raha ni Septemba. Sikukuu ya Mikaeli ukoo wote wa mume wangu hukutana shambani kuchoma mahindi mabichi, na sufuria ya eskites ni yangu tangu nilipoletwa huku milimani nikiwa bi harusi. Nakata punje kwenye magunzi, nazikaanga kwa siagi na kitunguu mpaka zianze kuruka, natia epasote na maji kidogo, nafunika. Zikiiva natia kwenye vikombe, juu yake mayonezi, jibini iliyoparuzwa, ndimu na pilipili ya unga. Kila mwanamke wa hapa anaipika. Lakini kwangu watu huja na vikombe vyao mkononi kutoka mwisho wa kijiji.

Mwaka huu pia itakuwa yangu. Nimeandika, basi.

15 Juni

Hakuna, hakuna, hakuna, hakuna. Mvua.

20 Juni

Mahindi yetu bado ni majani ya urefu wa kidole, kwa hiyo nimenunua ya umwagiliaji sokoni nipate kujizoeza. Nimepika kama ninavyopika siku zote, mkono ukiongoza. Mume wangu Fidencio amekuja leo Jumamosi kutoka Cuernavaca anakojenga, nikampa kikombe.

Akala. Akanywa maji. Akala tena. Akanywa maji.

"Vipi?" nikauliza.

"Nzuri," akasema, akaenda kujaza jagi.

27 Juni

Hakuna chochote. Tumepalilia safu za juu. Mavyaa anasema mimi napalilia kama mtu anayechana nywele za mgonjwa.

3 Julai

Wifi yangu Ofelia amekuja na mkate mtamu na huruma. Huruma ilikuwa nyingi kuliko mkate.

"Wifi, mwaka huu pumzika," akasema. "Eskites nitapika mimi. Nani atakulaumu? Umeumwa."

"Nimepona."

"Umepona, lakini pua..." Akajigusa yake, kana kwamba nimesahau iko wapi. "Watu wanakula kwa heshima tu, wifi. Kaka mwenyewe ameniambia alikunywa jagi zima."

Kumbe. Nikamwambia sufuria haijahama nyumba hii. Akamtazama mama yake amsaidie. Mama Casilda alikuwa anachambua maharage, akasema bila kuinua kichwa, "Mkate huu umekauka."

Sikujua kama hilo lilikuwa la kwangu au la Ofelia.

9 Julai

Nimepika mara ya pili. Kwa kuogopa chumvi nimeikimbia kabisa. Mavyaa alionja, akatafuna kwa muda mrefu akiangalia dari.

"Haya mahindi na chumvi wamepishana njiani," akasema. "Wala hawakusalimiana."

Nilicheka, halafu nikaenda bandani kwa kuku nikalia. Yule mama tangu nilipokuja ananiita mtu wa bondeni, kwa kuwa kwetu ni Cuautla kwenye joto na miwa. Naona anaisubiri siku nitakayoshindwa.

12 Julai

Kahawa: kitu. Nilishtuka nikamwaga nusu kikombe. Nikanusa tena. Ni harufu ya mpira wa gari unaoungua. Daktari anasema ni dalili nzuri, mishipa inajaribu kuamka. Kahawa sinywi tena.

18 Julai

Hakuna. Hakuna. Mpira. Hakuna. Mahindi yamefika magotini, rangi nzuri.

24 Julai

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Mchana mvua ilishuka mlimani na upepo wake, umeme ukakatika. Niliwasha jiko la gesi, nikateleka mahindi, nikakaa mezani kukata kitunguu, dirisha la juu ya jiko likiwa wazi kidogo. Upepo ulipitia hapo ukazima moto. Sikuona, maana nilikuwa nimeligeuzia jiko mgongo. Sikusikia, maana mvua ilikuwa inapiga bati. Na pua ndiyo hiyo, sina.

Kichwa kilianza kuniuma. Nikadhani ni kile kitunguu. Giza likazidi, nikainuka kutafuta mshumaa, nikaupata, nikachukua kiberiti. Njiti ilikuwa tayari katikati ya vidole vyangu.

Sikumsikia akiingia. Nilichokijua ni pigo kwenye mkono, kiberiti kikaruka mpaka chini ya kabati. Halafu Mama Casilda akanishika msuko wa nywele, yeye mwenye miaka sabini na kitu na goti bovu, akanivuta kupita mlango, kupita baraza, mpaka katikati ya uwanja kwenye mvua. Akarudi ndani akiwa amefunga pua kwa shali yake, akafunga gesi, akafungua madirisha yote, akatoka akikohoa, akaketi chini kwenye matope pembeni yangu.

Mvua ilikuwa inatupiga sote wawili.

"Ningekwenda na nyumba," nikasema.

"Na kuku wangu," akasema yeye.

26 Julai

Fidencio ameng'oa mtungi wa gesi jikoni na kuutoa nje. Amesema sipiki tena nikiwa peke yangu. Ofelia ataleta chakula mchana. Mambo ya Mikaeli nisahau.

"Unanifungia jiko langu?" nikamuuliza.

"Nakufungia kaburi, Herlinda."

Alikuwa amekaa kitandani na buti zake, uso umesawijika. Nilielewa kwamba safari yote kutoka Cuernavaca alikuwa amejiona amefiwa na mke. Lakini nilielewa pia kwamba nikikubali leo, sitakuwa mpishi tena katika nyumba hii maisha yangu yote. Nitakuwa mtu wa kuletewa bakuli.

"Hofu yako ni gesi," nikasema. "Gesi na iende. Nitapika nje kwa kuni. Moto wa kuni nauona, na moshi wake unaniumiza macho. Macho yangu ni mazima."

"Mvua je?"

"Nitaezeka."

Akamgeukia mama yake aliyekuwa mlangoni. "Mama, mwambie."

"Nimwambie nini? Umesema gesi, amesema kuni. Mtu anataka kuni, wewe mwashi, mkatie nguzo."

Alizikata. Alizikata kwa hasira, lakini zote zilisimama wima.

2 Agosti

Nimejenga jiko la udongo uani chini ya paa la bati. Mavyaa aliketi kwenye kiti chake akinitazama kama anayetazama mazishi ya adui. Nilipomaliza upande mmoja akasema, "Mchanga umezidi. Utapasuka ukipata moto." Nikamwambia hautapasuka. Jioni ulipasuka.

3 Agosti

Nimebomoa. Amekanda udongo yeye, mimi nimejenga. Hakuna aliyetaja jana.

8 Agosti

Hakuna, hakuna, mpira, hakuna. Kuni mbichi. Moto umezimika mara nyingi kuliko ulivyowaka.

15 Agosti

Mvua ya mawe. Ilikuja baada ya misa, ikapiga kama mtu anayemwaga kokoto za lori. Ilipokwisha tulikimbilia shambani, mimi mbele, mavyaa nyuma na fimbo yake. Safu za chini zote zimelala. Majani yamechanika kama nguo za maskini.

Nilisimama tu. Nilifikiri, haya, mbingu nazo zimemuunga mkono Ofelia.

"Usisimame kama sanamu," mavyaa akasema. "Ambalo halijavunjika shingo litaishi. Inua."

Tukainua. Shina moja moja, tunalisimamisha, tunalipandishia udongo kwenye mizizi, tunakanyaga. Goti lake lilipokataa alikaa matopeni akaendelea kwa kujiburuta. Nilimwambia arudi nyumbani. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu wa milimani akirudi nyumbani shamba likiwa limelala. Tulimaliza safu za chini giza likiingia. Nilimbeba mgongoni kupanda kilima. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani, na alinisema njia nzima kwamba natembea kama punda mwenye mimba.

23 Agosti

Leo nimefaulu. Nimepika jikoni kwangu uani kwa mahindi ya sokoni, na Fidencio amekula vikombe viwili bila kugusa maji. Ofelia alipita, akaonja, akanyamaza. Ofelia kunyamaza. Sijui nimefanya nini tofauti, mkono wenyewe umekumbuka. Nimeimba nikiosha vyombo.

24 Agosti

Sikufanya kitu tofauti. Nimejua leo.

Nilipika tena kuhakikisha. Nilikwenda bandani kuchukua kuni, nikasahau shoka, nikarudi. Mama Casilda alikuwa ameinamia sufuria yangu, ndimu mkononi, kibakuli cha chumvi kwapani. Alikuwa anaonja, anakamua, anaonja.

"Mama."

Hakushtuka hata. Akaweka kifuniko taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Ilikuwa inahitaji kidogo tu."

"Na jana?"

"Jana ilihitaji zaidi."

Nilimwambia afadhali angenicheka. Nilimwambia kila mtu hapa ananionea huruma, nami nilidhani yeye peke yake hanionei, ndiyo maana nilikuwa nastahimili ulimi wake. Kumbe na yeye.

"Ulitaka nini?" akasema, sauti imepanda. "Ofelia asimame mbele ya ukoo mzima na kijiko mdomoni akukunjie uso? Mimi namjua, nimemzaa. Nimeweka chumvi kidogo watu wale, waondoke, mdomo ufungwe. Kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba nimeimba, Mama. Jana nimeimba."

Akaiweka ile ndimu kando.

"Ukitia mkono wako ni sufuria yako," nikasema. "Yangu niachie, hata ikiwa mbaya. Ikiwa mbaya nitaijua ubaya wake na nitaitengeneza. Sasa sijui hata nilipo."

Niliwamwagia kuku ile sufuria yote. Akaangalia, akachukua fimbo yake, akaingia ndani.

29 Agosti

Hatusemezani. Nanusa vitu vyangu vinne. Hakuna.

Nilikuwa namwona adui aliyekaa kwenye kiti. Sasa sijui nimwone nini. Mtu aliyenivuta msuko kunitoa kifoni, akakanda udongo wangu, akajiburuta matopeni, huwezi kumwita adui. Lakini hasira bado iko.

3 Septemba

Amekuja na kiti chake mpaka jikoni kwangu, akakiweka mbali kidogo na sufuria, akaketi juu ya mikono yake. Kweli, aliikalia, kiganja huku na kiganja huku.

"Mkono sitatia," akasema. "Mdomo je, unaruhusiwa?"

"Mdomo wako nani amewahi kuuzuia?"

"Basi pika. Onja wewe kwanza, useme unavyoiona. Halafu mimi nitasema. Ukikosea nitakwambia, na sitakupaka mafuta."

Nikaonja. Nikasema haina kitu, kama kutafuna kitambaa.

"Hapo unatafuta harufu," akasema. "Harufu imekwenda, iache. Ulimi umekwenda nao?"

Sikuwa nimejiuliza. Tangu Mei kila ninachotia mdomoni nakitafutia kile cha zamani, nikikikosa natema. Nikafumba macho nikaonja tena, polepole. Chumvi ipo. Ipo pembeni mwa ulimi, kidogo. Ndimu ipo, inabana hapa chini ya masikio. Pilipili naipata midomoni kabla ya ulimi. Utamu wa mahindi wenyewe upo nyuma kabisa, umejificha kama mgeni mwenye aibu.

"Chumvi haitoshi," nikasema.

"Haitoshi," akasema yeye.

Nikaongeza. Yeye hakutoa mikono.

7 Septemba

Hakuna, hakuna, mpira kidogo, hakuna. Nimepika. Nimesema ndimu imezidi, kasema imezidi. Nimesema chumvi sawa, kasema mpuuzi wewe, onja tena. Nimeonja tena. Alikuwa sahihi.

10 Septemba

Epasote haina pa kuishika, ni harufu tupu. Nimeamua kuihesabu kwa matawi na kuitoa jani likigeuka kijani cha chupa. Punje zikiwa tayari huacha kuruka juu na kuanza kunong'ona chini ya kifuniko, na ukiing'ata moja inapasuka, haikunjiki. Mambo haya yalikuwepo siku zote, sikuwa na haja nayo.

12 Septemba

Mahindi yetu ya kwanza. Niliichoma punje kwa ukucha, maziwa yakaruka mpaka kwenye shavu. Safu zilizolala zimezaa mahindi mafupi yaliyopinda, lakini zimezaa.

20 Septemba

Ofelia ametangaza kwamba ataleta sufuria yake. "Ya akiba, wifi, wasije wakalala njaa." Fidencio akaangalia viatu vyake. Nikamwambia alete, shamba ni kubwa.

Baada ya hapo Fidencio akaniambia nisipopenda atamzuia dada yake. Nikasema asimzuie. Sitaki kushinda kwa kufungiwa mlango na mume.

28 Septemba

Leo ni misalaba. Tumechuma perikoni, yale maua ya manjano ya mlimani, tukafunga misalaba ya milangoni na ya pembe nne za shamba, ili usiku wa leo Ibilisi asiingie kwenye mahindi. Watu wote walikuwa wanavuta pumzi na kusema jinsi yanavyonukia. Nilizika uso mzima katika shada. Nilidhani, sijui kwa nini, kwamba yatakuwa haya. Kama pua inarudi, itarudi kwa maua ya Mikaeli.

Hakuna.

Mavyaa aliniona. "Umepata kitu?"

"Hapana."

"Basi funga msalaba. Ibilisi hakuulizi kama umenusa."

29 Septemba

Niliamka na majogoo. Mahindi nilikuwa nimeyavuna jioni, nikayakata yakiwa bado na baridi ya usiku. Siagi, kitunguu, punje. Zikaruka, zikanong'ona. Epasote ikaingia, ikageuka, ikatoka. Mavyaa aliamka, akaketi kitini. Nilipoonja mara ya mwisho nilimtazama. Alikuwa amefumba macho.

"Husemi?"

"Leo sijaulizwa na mtu. Mimi ni mgeni wa sikukuu."

Ndipo nilipoogopa kweli. Nikaonja tena. Chumvi pembeni, ndimu chini ya masikio, utamu nyuma. Nikafunika, Fidencio akaibeba.

Shambani walikuwa wamewasha moto wa kuchoma, ukoo wote na majirani. Sufuria ya Ofelia ilikuwa imeshafika, kubwa, inang'aa. Nikaweka yangu pembeni yake. Watu wakasimama wanasitasita, vikombe mkononi, maana wote walikuwa wanajua. Mzee mmoja, binamu ya marehemu baba mkwe, alichota kwa Ofelia. Wengine wakamfuata.

Ofelia mwenyewe akaja kwenye yangu, akachota, akatia jibini, akaonja mbele ya watu. Akatafuna. Akakunja uso kidogo, kwa upole, kama anayempa mtu pole.

"Nzuri, wifi. Ila chumvi imezidi kidogo."

Macho yangu yalikwenda kwa Mama Casilda. Na yake yalikuwa kwenye moto. Hakutaka kuyainua. Nilielewa, ameniachia kama nilivyomwomba. Nikachukua kijiko, nikaonja mbele yao, sikufanya haraka.

"Haijazidi," nikasema. "Jibini uliyotia ni ya chumvi, wifi, na umetia ya watu wawili. Chota tena, weka kidogo."

Mtu akacheka. Ofelia akanitazama, halafu akatazama kikombe chake, na sijui ni nini kilimgeuza, pengine njaa tu. Akachota tena, jibini kidogo. Akala. Akachota mara ya tatu. Yule mzee akauliza kama ni foleni ama ni vurugu.

Sufuria ya Ofelia ilikuwa nzuri pia, na ikaliwa. Ya kwangu ilikwanguliwa. Tulipokuwa tunaosha vyombo mtoni, akasema bila kunitazama, "Mimi ningeshindwa, wifi. Ningekaa kitandani." Nikampa sufuria yangu aishike nifunge kilemba.

5 Oktoba

Fidencio ameurudisha mtungi, ameuweka nje ya ukuta, na ndani ametundika kidude kinachopiga kelele kikinusa gesi. Nimemwambia ameoa mke wa pili. Daktari anasema pua inaweza kurudi mwakani, inaweza isirudi. Nikamuuliza kama niendelee kuandika. Akasema kama napenda.

11 Oktoba

Mavyaa ana mafua mabaya. Analala kwenye blanketi tatu, pua nyekundu kama pilipili, amekataa mchuzi, amekataa chai. Jioni akaniita. "Nipikie eskites. Pengine hiyo itapita."

Nilipata mahindi machache ya mwisho ambayo hayajakauka. Nikampelekea kikombe kitandani. Akatia kijiko kimoja mdomoni, akaacha kutafuna. Akatia cha pili. Akanitazama kwa hofu ambayo sijawahi kuiona usoni mwake.

"Haina kitu," akasema. "Ni kitambaa."

"Ni mafua, Mama. Yatapita."

Akaketi na kikombe mapajani.

"Ndiyo hivi?" akauliza. "Kila siku?"

"Ndiyo hivi."

"Na umepika sufuria nzima ya Mikaeli."

Aliinua mkono, nikadhani anataka kunirudishia kikombe, lakini aliweka kiganja chake juu ya shavu langu, moto wa homa, akakiacha hapo. "Mwanangu," akasema. Miaka yote hii sijawahi kulisikia neno hilo likija upande wangu.

Niliketi ukingoni mwa kitanda, nikakamua ndimu zaidi, nikatia pilipili, nikachota kijiko.

"Fumba macho," nikamwambia. "Usitafute harufu. Anza na chumvi, iko pembeni."

Akafumba. Akatafuna polepole.

"Ipo," akasema.